Chamchela ya Mkata Ilivyomwoza Dada Yangu

Naandika haya kwa sababu nimechoka kusimulia. Tangu nirudi Dunda, kila mtu ananiuliza kwa namna yake. Muuza vocha aliniuliza kama ni kweli dada yangu ana waume wawili. Fundi baiskeli kasikia kwamba nilipaa juu ya godoro hadi Handeni. Huo ni uongo. Godoro lilipaa peke yake.

Dada Rukia anaishi Pangani na mama yetu. Baba alifariki, babu mzaa baba naye alishatangulia, na mtoto wa kiume ni mimi peke yangu. Kwa wenzangu msiofahamu mambo yetu: binti wa Kiislamu huozwa na walii wake, yaani baba, na baba na babu wasipokuwepo hufuata kaka. Kwa hiyo mimi, mdogo mtu, niliyefungwa kamba za viatu na Rukia hadi darasa la tatu, ndiye niliyetakiwa kumshika mkono Hamadi, bwana harusi, na kumwambia kwamba nimemwozesha dada yangu. Nisipofika, hakuna ndoa. Ndivyo nilivyoelewa, na nilipoelewa hivyo nikaacha kulala.

Dunda hadi Msata

Ndoa ilipangwa Jumamosi baada ya sala ya alasiri. Mtu mwenye akili angeondoka Alhamisi. Mimi akili zilizidi. Redio ilitangaza tahadhari ya mvua kubwa, radi na upepo mkali kwa Alhamisi na Ijumaa, nikawaza: nikipigwa na radi njiani, nani atamwoza dada? Walii maiti hana faida. Nikasubiri tahadhari iishe. Haikuisha. Ilisogezwa mbele hadi Jumamosi, na habari hizo nilizipata nikiwa nimeshakaa dirishani, basi linatoka.

Nilikuwa na kazi moja tu safarini, kufanya mazoezi ya maneno. Nilikuwa nimeyatafuta mtandaoni: "Nimekuozesha dada yangu Rukia binti Athumani kwa mahari mliyokubaliana." Ni sentensi fupi, lakini ukiikodolea macho utaona ina mashimo mengi. Je, nikisema jina la mama badala ya la dada? Je, nikiteleza nikasema "nimekuoza", si Hamadi ataonekana ameoza mbele ya wazee wake? Nina shahada ya Ununuzi na Ugavi. Hakuna somo hata moja lililonitayarisha kumkabidhi mtu kwa mtu.

Tulipofika Kiwangwa, wauza mananasi walikuwa wanakimbia na matenga yao vichwani. Mbingu upande wa bara ilikuwa na rangi ya sufuria lililoungua. Radi ya kwanza ilipasua mkorosho karibu na barabara, basi zima likaomba, kila mtu kwa dini yake. Mama mmoja aliyekaa nyuma yangu akanigonga bega.

"Kijana, vua hilo shati."

"Shati gani, mama?"

"Hilo jekundu! Unataka kutuua?"

Nilitaka kumweleza kwamba radi haichagui rangi. Lakini nikawaza, je, nikimweleza halafu ikapiga? Nitakuwa nimekufa na pia nimeshindwa kwenye mjadala. Nikavua. Nikabaki na singlendi yenye tobo, na kwa kuwa begi langu lilikuwa na nguo moja tu nyingine, nikavaa kanzu ya harusi. Nyeupe, imepigwa pasi, na kofia yake.

Ikumbukeni hiyo kanzu, ndiyo iliyoniponza.

Msata hadi Mkata

Msata tulisimama ili konda akaulize kama barabara inapitika. Nilishuka kununua muhogo wa kuchoma. Muuzaji akanipa na kachumbari bure, akainamisha kichwa. "Shikamoo, shehe." Mzee wa umri wa baba yangu! Nikashindwa kuitikia marahaba, nikashindwa pia kukataa, nikasema "Ahsante" na kuondoka haraka.

Konda, kijana mchangamfu anayeitwa Ramadhani, alirudi na habari kwamba mbele kuna mti umelala barabarani na wanaukata. Tulikaa hapo muda mrefu kiasi kwamba abiria walianza kusimuliana magonjwa. Baadaye tulikuja kusikia kwamba siku ile hali ilikuwa mbaya kote: mabati yaliezuliwa Kerege, mabango yakaangukia malori Chalinze, na kila uwanda ulikuwa na dhoruba yake kama vile zimegawiwa kwa foleni. Wakati huo sisi tulijua ya kwetu tu.

Tulipovuka Wami, mvua ikaanza kuingia kupitia madirisha yaliyofungwa. Mama wa nyuma akasimama.

"Shehe yupo humu ndani na tunateseka bure! Shehe, tuombee."

"Mimi si shehe, mama. Wewe mwenyewe ndiye uliyenivua shati."

"Usiikwepe kazi ya Mungu."

Abiria wote wakanigeukia. Nikasoma Fatiha, ndiyo niliyokuwa na uhakika nayo. Nilipomaliza, upepo ukalisukuma basi hadi tairi moja likaingia majanini, mvua ikazidi mara mbili. Kisha sauti ya mwanaume kutoka kiti cha mwisho:

"Shehe, punguza."

Mkata, mahali ambapo hapakuwa kwenye ratiba

Mkata dereva alikataa kuendelea. Tukakimbilia mgahawa wa Mama Neema, kibanda kirefu cha mbao na mabati mapya yanayong'aa. Mama Neema ni mwanamke mnene, mcheshi, na msalaba wa fedha shingoni. Alitugawia wali na maharage kana kwamba mvua ni wateja wengine tu. Tulipokuwa tunakula ikaanza mvua ya mawe. Barafu za ukubwa wa kokwa za maembe ziligonga bati hadi hatukusikiana. Mama Neema akatoa ndoo nje, ikajaa, akaanza kupozea soda.

Nikatazama saa. Kama tungeondoka pale pale, ningefika alasiri kwa shida. Simu haikuwa na mtandao, mnara ulikuwa umeshapigwa na radi. Nilipozidiwa na hofu nikafanya lile moja lililonituliza tangu asubuhi. Nikasogea pembeni, nikafumba macho, nikanyoosha mkono wa kulia kama anayemshika bwana harusi, nikasema kwa sauti, maana kwa kelele zile niliamini hakuna atakayesikia:

"Nimekuozesha dada yangu Rukia binti Athumani kwa mahari mliyokubaliana!"

Wakati huo huo mawe yakakatika. Ghafla, kama mtu aliyezima mashine. Sentensi yangu ikabaki peke yake kibandani.

Na mkono wangu ukashikwa.

Nikafumbua macho. Mbele yangu alisimama dereva wa lori, mtu mrefu mwenye kandambili za rangi tofauti, jina lake nilikuja kujua ni Shomari. Alikuwa ndiyo kwanza anaingia, kaona mtu wa kanzu kanyoosha mkono, akaupokea kama mwenye adabu zake. Akaniangalia, akawaangalia watu, akacheka hadi jino la dhahabu likaonekana.

"Nimekubali kumuoa," akasema, "kwa mahari hayo hayo."

Kibanda kikalipuka kwa vicheko. Mama wa nyuma akapiga vigelegele. Konda Ramadhani akapiga meza. "Mimi shahidi wa kwanza!" Mzee mmoja, abiria wa Korogwe aliyevaa kofia, akainua kijiko. "Na mimi wa pili!"

"Nyie mna haraka," Mama Neema akasema. "Kwetu harusi inatangazwa kanisani wiki tatu. Nyie mmemaliza wali haujapoa."

Wote walicheka isipokuwa mimi. Ustadhi wetu wa madrasa alitufundisha jambo moja ambalo sijalisahau: ndoa haina mzaha, ukitamka kwa utani imepita. Nikahesabu. Walii yupo. Tamko lipo. Kukubali kupo. Mashahidi wawili wanaume Waislamu, konda na yule mzee wa Korogwe, wapo. Ndoa imepita.

"Kaka," nikamwambia Shomari, "tafadhali sema umemwacha."

"Nani?"

"Dada yangu."

"Hata sijamuona shemeji! Nina mke mmoja Tanga, nafasi ninazo tatu. Kwa nini niharakishe?"

Nilikuwa nafungua mdomo nimsihi, ndipo mtu wa mlangoni alipopiga kelele: "Kinyamkela!" Ndivyo wanavyoliita huko jini la upepo. Sisi upepo huo tunauita chamchela. Ulikuwa unakuja kutoka uwandani, nguzo ya vumbi jekundu iliyosimama wima kati ya ardhi na wingu, inazunguka na majani, mifuko na kiti kimoja cha plastiki kilichokaa wima kana kwamba kina abiria asiyeonekana. Kama lilikuwa jini au hali ya hewa sikubishana. Tulilala chini ya meza.

Sauti yake ilikuwa ya lori linalorudi nyuma ndani ya kichwa chako. Mabati mapya ya Mama Neema yaliinuka kwa pamoja, kwa utaratibu, kama kifuniko cha sufuria, yakaenda. Moja lilipita kwenye kioo cha mbele cha basi letu na kutulia kwenye usukani. Halafu ikafika zamu ya lori la Shomari. Lilikuwa limebeba magodoro. Turubai likapasuka, na magodoro yakaanza kutoka moja moja, ya maua, ya mistari, yakapanda juu angani yakizunguka polepole, yanapendeza, Mungu anisamehe, yalikuwa yanapendeza.

Kisha jua likatoka. Mama Neema aliinuka, akatazama mbingu mahali palipokuwa na paa lake, akajipangusa wali usoni. "Haya," akasema, "mahari ndiyo hayo yamepaa."

Mkata hadi Muheza

Basi halikuwa na kioo, na hakuna aliyejua lini litapata. Shomari alikuwa anapeleka magodoro kwenye duka moja huko Pangani. Pangani! Mtu pekee wa kunifikisha kwenye ndoa ya dada yangu alikuwa mume wake.

"Nikusanyie mzigo kwanza, shemeji," akaniambia. "Tukimaliza tutaongea mambo ya familia."

Nikapandisha kanzu hadi magotini nikaingia uwandani. Magodoro yalikuwa kila mahali. Moja lilikuwa juu ya mbuyu mdogo, na jingine ng'ombe alikuwa ameshalilalia. Jingine tulimkuta bibi mmoja ameliingiza ndani, amelitandika shuka, amelala.

"Bibi, hilo ni letu."

"Nimeomba godoro miaka yote," akasema bila kufungua macho. "Ninyi ndio mmechelewa."

Shomari akaniangalia, nami nikamwangalia. Tukamwachia.

Mtandao ulirudi tulipokaribia Segera. Simu ikatetemeka mfululizo kama mgonjwa wa homa. Mama alipiga hapo hapo.

"Uko wapi wewe? Watu wameshaswali! Upande wa bwana harusi wamekaa wamenuna!"

"Mama, chamchela..."

"Sheikh anasema si tatizo. Mpe uwakili kwa simu amwozeshe kwa niaba yako. Sema tu nimekuweka wakili wangu, tuendelee."

Neno moja, na yote yangekwisha. Lakini nikawaza: nitampaje sheikh uwakili wa kumwoza mwanamke ambaye nimeshamwoza? Nitakuwa nimempa dada yangu waume wawili, na sheikh mwenyewe nimemtia dhambini. Na nitasemaje mbele ya Shomari, ambaye alikuwa anatafuna karanga pembeni yangu na kusikiliza?

"Siwezi, mama."

"Huwezi nini?"

"Kuna tatizo la kisheria."

Kisha mama, kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia: "Una neno na Hamadi? Umesikia nini juu yake?"

"Hapana, mama! Hamadi hana tatizo."

"Basi Rukia? Umesikia nini juu ya Rukia?"

Simu ikakatika. Nikapiga, ikaita bila kupokelewa. Ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Walii amegoma bila kutoa sababu, na kule nyumbani watu wamenuna. Pale Pangani kila mtu alikuwa anajitungia sababu yake, na sababu hizo zote zilikuwa zinamwangukia dada yangu.

"Shomari," nikasema, "nakuomba kwa Mungu, mwache."

Aliacha kutafuna. Nadhani ndipo alipojua kwamba sitanii. "Kijana, ule ulikuwa mchezo."

"Ndoa haina mchezo."

Akapunguza mwendo. "Sasa na mimi umenitia wasiwasi," akasema. "Nikisema namwacha, nitakuwa nimekiri kwamba nilimuoa. Mke wangu wa Tanga akisikia? Twende tukamuulize sheikh wenu."

Hivyo tukawa wawili wenye wasiwasi ndani ya lori moja, na mmoja ndiye aliyeshika usukani.

Muheza hadi Pangani

Barabara ya kutoka Muheza ilikuwa uji. Tulikwama mara nyingi. Kila tulipokwama, Shomari alitaka kutandika godoro chini ya tairi, na kila mara aligeuza mawazo alipokumbuka mwenye duka. Hatimaye alitandika lile la ng'ombe, kwa hoja kwamba lilikuwa limeshatumika.

Tulifika Pangani jua limelegea. Nje ya nyumba ya mama kulikuwa na mikeka, watu wameketi kwa mafungu kama msibani. Lori liliposimama, kina mama wakaona magodoro, wakanitambua, na sura zikabadilika ghafla.

"Walii kaleta zawadi! Kumbe alikuwa anafuata magodoro!"

Vigelegele. Kabla sijashuka, manne yalikuwa yameshaingia ndani. Shomari akaruka chini. "Hayo ya duka, mama zangu! Ya duka!" Hakuna aliyemsikia.

Mama alinijia mbio. Hakunisalimu. Macho yake yalikuwa mekundu. "Sema neno lako mbele ya watu. Na huyu nani?"

Shomari, kwa mazoea tu, mkono kifuani, akainama kwa heshima. "Shikamoo, mama. Mimi ndiye mkweo wa Mkata."

Mjomba wa Hamadi akasimama na kuanza kutafuta viatu vyake. Hamadi mwenyewe alibaki ameketi, jasho likimtoka kwenye kofia, ananitazama kama mtu aliyeibiwa na ndugu.

Nikaeleza. Nilianza na shati jekundu, kwa sababu nilitaka wasikose kitu, lakini sheikh akaniinulia mkono. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, anayevuta uradi taratibu.

"Acha shati. Ulisema nini, na huyu alijibu nini?"

Nikasema, pamoja na mashahidi wangu na fundisho la ustadhi wa madrasa. Shomari akathibitisha, akiwa amevua kofia.

"Na Rukia alikuruhusu umwoze kwa nani?"

"Kwa Hamadi."

"Wewe ni kaka. Kaka si baba. Huwezi kumwoza dada yako bila idhini yake. Kamuulize kama alitoa idhini ya dereva."

Pazia la mlango likafunguka kabla sijageuka. Rukia alikuwa amesimama, hina mikononi hadi viwikoni, wanja umetiririka. Kina mama walimvuta nyuma, akaiondoa mikono yao.

"Siku nzima," akaniambia, "umewafikiria konda, na dereva, na mzee wa Korogwe, na ustadhi wa madrasa. Mimi hukunipigia. Nimekaa humu ndani naoza, watu wananiuliza nina mimba ya nani."

Ni kweli simu yangu ilikuwa na salio, na ni kweli tangu Segera hadi Pangani nilifikiria kila aina ya hukumu isipokuwa kumuuliza yeye.

"Sikumruhusu dereva," akamwambia sheikh, kwa sauti iliyosikiwa na watu wote. "Nimemruhusu Hamadi. Na mama, ondoeni hayo magodoro ya watu."

"Basi hakuna kilichopita," sheikh akasema. Shomari alishusha pumzi kwa nguvu, akaketi kwenye mkeka, akauliza kama pilau bado ipo. Mjomba wa Hamadi akavua viatu.

Wakanikalisha mbele ya Hamadi. Mikono yetu ikashikanishwa, yake imelowa, yangu imelowa zaidi. Nikafungua mdomo, na yale maneno niliyoyarudia tangu Dunda, niliyoyasema kwenye mvua ya mawe, yakawa hayapo. Hakuna hata moja. Nilimwona Hamadi anapauka. Watu wakaanza kutazamana upya.

"Mbona unahangaika?" sheikh akaninong'oneza. "Mimi nasema, wewe unafuata. Sema: nimekuozesha."

"Nimekuozesha," nikasema.

"Dada yangu."

"Dada yangu."

Kumbe ndivyo inavyofanyika. Sheikh hukutamkia neno kwa neno, nawe unarudia kama mtoto wa chekechea. Ndoa zote nilizohudhuria nilikuwa nje na vijana wenzangu, karibu na sufuria, wala sikuwahi kumuuliza mtu.

"Rukia binti Athumani," akasema sheikh.

Nyuma ya pazia, kabla sijarudia jina lake, nilimsikia dada akicheka.